Emin Pasha: Gavana wa Equatoria ambaye watu wake walileta kisra Kibera

KATIKA nyumba za Wanubi wa Laini Saba, Makina na Lindi, mtaani Kibera jijini Nairobi, maandalizi ya kisra huanza siku moja au mbili kabla ya chakula chenyewe kuliwa. Unga hukorogwa kwa maji, ukatiwa chachu iliyosalia kutoka mapishi yaliyopita, kisha ukafunikwa na kuachwa uchachuke. Mpishi aliyelelewa katika mila hiyo huutambua wakati wake kwa pua, bila kutazama saa.

Siku ya kupika, kikaango bapa huwekwa motoni na kupakwa mafuta kidogo. Rojo humiminwa na kutandazwa upesi, likawa jembamba mithili ya kitambaa, na kabla ya mtu kuhesabu hadi ishirini limeiva. Pembeni huchemka mula, yaani mchuzi mzito wa nyama uliotiwa bamia iliyokaushwa na kusagwa, au karanga zilizopondwa. Vyakula hivyo hupangwa katika sinia na kufunikwa kwa tabaga, kawa la ukindu lenye rangi nyingi ambalo wanawake wa Kinubi hulifuma kwa mikono yao.

Akina mama wengi wa jamii hiyo hawana kitabu cha mapishi. Kipimo cha chumvi kimo kiganjani, na cha chachu kimo kumbukumbuni mwa bibi aliyemfundisha mama, naye mama akamfundisha binti. Ukiwauliza chakula hiki kilitoka wapi, jibu ni moja: kusini mwa Sudan, walikotoka mababu.

Nyuma ya jibu hilo fupi ipo safari ya zaidi ya karne moja, na katikati ya safari hiyo yupo mtu mmoja mfupi, mwembamba, mwenye ndevu na miwani minene, aliyezaliwa mbali kabisa na mto Naili. Dunia ilimfahamu kwa jina la Emin Pasha.

KIJANA WA SILESIA

Alizaliwa tarehe 28 Machi mwaka wa 1840 mjini Oppeln, katika mkoa wa Silesia uliokuwa wakati huo chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo uko Poland na huitwa Opole. Wazazi wake, waliokuwa Wayahudi wa tabaka la wafanyabiashara, walimpa jina la Isaak Eduard Schnitzer.

Alipokuwa bado mtoto mdogo familia ilihamia mji wa Neisse. Mwaka wa 1845 baba yake akafariki. Mama aliolewa tena na mume Mkristo, na watoto wakabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Hivyo, kabla hajafika umri wa kwenda shule vizuri, Eduard alikuwa amekwisha kubadilishiwa mji, baba na dini. Huenda ndiyo sababu katika maisha yake yote hakuona taabu kubadilisha jina wala makazi.

Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka wa 1864. Hata hivyo, hakupata idhini ya kufanya kazi ya utabibu nchini mwake. Akafunga mizigo yake na kuelekea kusini, akikusudia kuingia katika utumishi wa dola la Uturuki.

Alifika bandari ya Antivari, ambayo siku hizi ni Bar nchini Montenegro, akawa daktari wa karantini. Huko kipaji chake cha lugha kilidhihirika. Alijifunza Kituruki, Kiarabu na lugha nyinginezo, akazizungumza kama mwenyeji. Mwaka wa 1870 aliajiriwa na Ismail Hakki Pasha, gavana wa kaskazini mwa Albania, akawa mmoja wa watu wa nyumba yake.

Hakki Pasha alifariki mwaka wa 1873. Miaka miwili baadaye daktari huyo alirejea Neisse akiwa ameandamana na mjane wa gavana pamoja na watoto, akawatambulisha kana kwamba ni mke na watoto wake mwenyewe. Jamaa zake hawakupata muda mrefu wa kustaajabu. Mnamo Septemba 1875 alitoweka ghafla, akamwacha mama huyo na wanawe nyuma. Hilo ni doa ambalo waandishi wa maisha yake hawajaweza kulifuta.

TABIBU WA KHARTOUM

Desemba mwaka huo huo aliibuka Khartoum, mji mkuu wa Sudan iliyokuwa ikitawaliwa na Misri. Sasa alijiita Mehemet Emin, akavaa na kuishi kama Mwislamu. Alifungua kazi ya utabibu, na wakati wa faragha alikusanya mimea, wanyama na ndege, akivituma katika makumbusho ya Ulaya.

Habari zake zilimfikia Mwingereza Charles Gordon, aliyekuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa ambalo leo limegawanyika baina ya Sudan Kusini na Uganda. Gordon alimwita awe tabibu mkuu wa jimbo, na mnamo Mei 1876 Emin akawasili Lado, makao makuu yaliyokuwa kando ya Naili.

Haukupita muda kabla ya Gordon kugundua kwamba tabibu huyo alifaa zaidi ya kugawa dawa. Alimtuma kama mjumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Emin alikwenda bila majivuno, akajifunza Kiganda, na alipokelewa kwa heshima ambayo maafisa wengi wenye bunduki hawakuipata.

Mwaka wa 1878, baada ya Gordon kupandishwa cheo kuwa gavana mkuu wa Sudan nzima, Emin aliteuliwa kuwa gavana wa Equatoria na kupewa cheo cha Bey. Alirithi jimbo lililojaa madeni, lenye vituo vilivyotapakaa kandokando ya mto, na wafanyabiashara wa watumwa waliokuwa wamezoea kufanya watakavyo. Katika miaka michache alipunguza biashara hiyo, akapanga upya vituo, na hesabu za jimbo zikaanza kuonyesha faida.

Askari wake walikuwa mchanganyiko wa mataifa. Maafisa kadhaa walitoka Misri, lakini wengi wa askari wa kawaida walikuwa watu weusi wa kusini na magharibi mwa Sudan, baadhi yao wakiwa walitekwa utotoni na kuingizwa jeshini kwa nguvu. Walioa wanawake wa Kibari, Kimakaraka, Kilugbara, Kikakwa na makabila mengine ya karibu na vituo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiarabu cha kambini, kilichorahisishwa na kuchanganywa na lugha za wenyeji. Lugha hiyo ndiyo mama wa Kinubi kinachosikika Kibera hadi leo.

Jeshi hilo halikuwa na jiko la pamoja. Kila askari alilishwa na nyumba yake. Mke ndiye aliyelima bustani nje ya boma, akatwanga mtama, akachachusha unga na kukausha bamia kwa ajili ya miezi ya njaa. Mwanamke wa Kibari aliyeolewa na askari kutoka mbali alijifunza kupika kisra ya kaskazini, na mumewe akajifunza kula mboga za kusini. Upishi unaoitwa wa Kinubi ulizaliwa katika maboma hayo.

MIAKA YA KUFUNGIWA

Mwaka wa 1881, Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi, alianzisha vita dhidi ya utawala wa Misri nchini Sudan. Kufikia mwaka wa 1883 njia ya mto kwenda Khartoum ilikuwa imefungwa. Meli zilizokuwa zikileta nguo, dawa, barua na mishahara hazikuonekana tena. Mnamo Januari 1885 Khartoum yenyewe iliangukia mikononi mwa wafuasi wa Mahdi, na Gordon akauawa.

Emin alibaki na jimbo lisilo na serikali juu yake. Mwaka huo wa 1885 alihamishia makao yake kusini, hadi Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Wazungu wawili walikuwa pamoja naye kwa nyakati mbalimbali, mpelelezi Wilhelm Junker na Mwitaliano Gaetano Casati. Junker alifanikiwa kutoka kupitia Buganda na kufika Unguja mwishoni mwa 1886, akiwa na habari kwamba gavana yule bado yu hai.

Kilichowaweka hai kilikuwa jembe na jiko. Pamba ilipandwa na kufumwa nguo humo humo vituoni. Viatu vilishonwa kwa ngozi za ng'ombe wa nyumbani. Asali ilichukua nafasi ya sukari. Bustani zilipanuliwa, na ghala za nafaka zikawa muhimu kuliko ghala za risasi.

Hata hivyo, haifai kuipamba picha hiyo kupita kiasi. Sehemu kubwa ya nafaka na ng'ombe waliolisha vituo ilitoka kwa wenyeji kama kodi, na mara nyingi ilichukuliwa kwa mabavu. Wabari waliasi, na damu ikamwagika. Chakula kilichokuwa faraja ndani ya boma kilikuwa dhuluma kwa baadhi ya waliokaa nje yake. Emin alijaribu kuwazuia askari wake, lakini kadiri miaka ilivyopita amri zake zilizidi kudharauliwa.

Yeye mwenyewe aliendelea kukusanya ndege na kuandika shajara kwa mwandiko mdogo sana, akiwa ameinama kwa sababu ya macho yake mabovu. Alioa mwanamke wa Kihabeshi, wakapata binti waliyemwita Ferida. Misri ilimpa cheo cha Pasha, ingawa haikuwa na uwezo wa kumfikishia hata gunia moja la chumvi.

MWOKOZI ANAYELISHWA

Barani Ulaya, gavana aliyefungiwa kusini mwa Sudan alikuwa amegeuka shujaa wa magazeti. Kifo cha Gordon kilikuwa kimewaumiza Waingereza, nao hawakutaka aibu ya pili. Zaidi ya hayo, palikuwa na habari za akiba kubwa ya pembe za ndovu aliyokuwa nayo Emin, na palikuwa na wafanyabiashara waliotamani eneo hilo. Fedha zilichangwa, Misri ikitoa pauni 10,000, na Henry Morton Stanley akapewa uongozi wa msafara wa kumwokoa.

Stanley alipita Unguja mapema mwaka wa 1887, akachukua mamia ya wapagazi pamoja na mfanyabiashara maarufu Tippu Tip. Badala ya kufuata njia fupi ya mashariki, alizunguka kwa bahari hadi mlango wa mto Kongo, akapanda mto huo na kuingia msitu wa Ituri. Msitu ulimlipiza. Wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na mishale, na waliosalia walitoka wakiwa mifupa mitupu. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kilipata maafa makubwa zaidi.

Mwishoni mwa Aprili 1888 watu hao wawili walikutana kando ya Ziwa Albert. Emin alifika kwa meli yake ndogo, akiwa nadhifu katika nguo safi. Stanley na watu wake walikuwa wamechakaa. Kilichofuata kimewachekesha wanahistoria kwa zaidi ya miaka mia moja: aliyekwenda kuokolewa ndiye aliyegawa nafaka, nguo, asali na tumbaku kwa waokoaji wake.

Nafaka ile haikuvunwa na Emin. Ilitoka katika mashamba na ghala za kina mama wa vituoni na vijiji vya jirani, ambao majina yao hayamo katika vitabu vinene vilivyoandikwa baadaye kuhusu msafara huo.

Stanley alimtaka Emin aondoke na watu wake hadi Pwani. Gavana alisitasita, na askari wake walikuwa na sababu za kukataa. Waliamini kwamba njia ya kwenda Misri ni ile ya Khartoum waliyokuja nayo, na waliposikia habari za kupelekwa mashariki walidhani watauzwa utumwani. Isitoshe, hapo ndipo palipokuwa na wake zao, watoto, ng'ombe na mashamba yao. Wengi wao hawajapata kuiona Misri. Mnamo Agosti 1888 wakaasi, wakamfunga Emin pamoja na Jephson, afisa wa Stanley, katika boma la Dufile. Waliachiliwa mwezi Novemba baada ya majeshi ya Mahdi kukaribia.

Baada ya hapo Emin hakuwa na jimbo tena. Afisa mmoja mwaminifu, Selim Bey, aliomba muda wa kuwakusanya askari na familia waliotaka kuondoka. Stanley hakungoja. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu takriban 1,500 uliondoka Kavalli, kusini magharibi mwa Ziwa Albert, ukimwacha Selim na watu wake nyuma. Uamuzi huo wa siku moja ndio uliopanda mbegu ya jamii nzima katika Afrika Mashariki.

BAGAMOYO NA KIFO

Msafara uliwasili Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Karibu nusu ya watu wa Emin walikuwa wamefia au kuachwa njiani. Ferida, aliyekuwa na umri wa miaka mitano hivi, alibebwa kwa machela. Wajerumani, waliokuwa wameshika Pwani hiyo, waliandaa karamu kubwa usiku huo huo.

Katika karamu hiyo Emin alitoka kuvuta hewa. Macho yake hayakutofautisha dirisha na roshani, naye akaanguka kutoka ghorofani na kupasuka fuvu. Aliponea chupuchupu na kulazwa hospitalini kwa wiki nyingi. Stanley aliendelea na safari kwenda kupokea sifa za Ulaya bila yule aliyekwenda kumwokoa.

Alipopata nafuu Emin aliingia katika utumishi wa Wajerumani. Aprili 1890 aliondoka tena Pwani kuelekea bara, akiwa na Franz Stuhlmann. Mwaka huo alianzisha kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Victoria, mji ambao umestawi hadi leo nchini Tanzania. Kusini magharibi mwa ziwa hilo ipo ghuba iliyopewa jina lake.

Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kaskazini. Mwaka wa 1891 alifika karibu na Kavalli na kukutana na mabaki ya askari wake. Alitaraji watamfuata. Wengi wao walikataa. Walikuwa wamekula kiapo kwa Khedive wa Misri, na hawakuona ni kwa nini wafuate bendera nyingine kwa sababu tu gavana wao wa zamani alikuwa amebadilisha mwajiri.

Ndui ilizuka katika msafara. Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann arejee na wenye afya, yeye akabaki na wagonjwa. Kisha akaelekea magharibi, ndani ya Kongo, karibu kipofu, akiwa na watu wachache. Tarehe 23 Oktoba 1892, mahali paitwapo Kinena, watu wa Kibonge, mmoja wa mabwana wa biashara ya watumwa, walimshika na kumkata kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Ferida alikuwa Ujerumani kwa shangazi yake. Ndege wadogo wa mbuga za Kenya na jirani zake, akiwemo shomoro mmoja mwekundu, bado wanabeba jina la Emin katika vitabu vya sayansi.

KUTOKA KAVALLI HADI KIBERA

Miezi michache baada ya askari wale kumkataa Emin, alifika mtu mwingine Kavalli. Huyo alikuwa Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mnamo Septemba 1891 alikubaliana na Selim Bey. Mamia ya askari waliondoka naye kuelekea Toro, Bunyoro na Buganda, wakifuatwa na maelfu ya wanawake, watoto na wategemezi.

Mtu akiwaza msafara huo, asiwaze bunduki peke yake. Awaze vinu, vyungu, mbegu za bamia na simsim zilizofungwa katika pembe za nguo, na kibuyu cha chachu ambacho mama hakukubali kukiacha.

Selim Bey hakuishi kuona matunda ya uaminifu wake. Mwaka wa 1893 Waingereza walimshuku kuwa anashirikiana na Waislamu wa Buganda kupanga maasi, wakamkamata na kumsafirisha kuelekea Pwani. Alifariki njiani, Naivasha, ndani ya nchi ambayo sasa ni Kenya.

Watu wake walikuwa uti wa mgongo wa kikosi cha Uganda Rifles kilichoundwa mwaka wa 1895. Miaka miwili baadaye, walipoamrishwa kuingia safari nyingine ndefu kutoka Eldama Ravine, sehemu yao iliasi. Malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo, uchovu, na kunyimwa ruhusa ya kwenda na wake zao. Afisa wa Kizungu aliyeona dai hilo la mwisho kuwa anasa hakuelewa kwamba kwa askari wa Kinubi, kumwacha mke kulikuwa sawa na kuachwa bila jiko.

Mwaka wa 1902 vikosi viliunganishwa kuwa King's African Rifles. Wanubi wengine waliingia jeshini humo kutoka Misri na Sudan moja kwa moja, hivyo si kila familia ya Kinubi ya Kenya inatokana na askari wa Emin. Wote, lakini, walikutana katika kambi zile zile, wakasema lugha ile ile na kula sinia moja.

Kuanzia mwaka wa 1904 sehemu yenye msitu kusini magharibi mwa Nairobi ilitengwa kwa matumizi ya jeshi, na askari waliostaafu wakaruhusiwa kujenga na kulima. Wao waliiita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu au kichaka. Mwaka wa 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi, likiwa na ekari 4,197. Wazee husimulia kwamba Laini Saba ilipata jina lake kutokana na uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha.

Kila nyumba ilikuwa na shamba lake, ng'ombe wachache na mahali pa kuanikia bamia. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: hapakuwa na hati ya kumiliki ardhi. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kama wageni waliokaribishwa kwa muda. Baada ya uhuru mashamba yalimegwa mwaka baada ya mwaka, mitaa mipya ya nyumba ikajengwa, na maelfu ya wananchi kutoka sehemu nyingine za nchi waliotafuta makao ya bei nafuu wakahamia. Laini Saba iliyokuwa na mashamba ya Wanubi ikawa mojawapo ya vijiji vilivyosongamana kuliko vyote jijini.

SINIA NA HATI

Kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho alihojiwa kana kwamba ametoka ng'ambo jana. Mwaka wa 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Katika sensa ya mwaka wa 2009 Wanubi walikuwa wamehesabiwa kama jamii inayojitegemea, na mwaka wa 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya pamoja ya ekari 288 za Kibera. Ukizilinganisha na zile 4,197 za mwaka wa 1918, hazifiki hata sehemu moja ya kumi na nne.

Katika miaka yote hiyo ambapo jamii haikuwa na karatasi ya kuonyesha, ilikuwa na lugha yake, ngoma yake ya doluka, mabuibui na gurbaba za bibi harusi, na chakula chake. Kisra na gurusa ziliendelea kupikwa siku za Idd, harusi na matanga. Mtama ulipoadimika na mashamba yalipokwisha, akina mama walitumia unga wa mahindi na wa ngano wa dukani. Bamia ilinunuliwa sokoni Toi badala ya kuchumwa uani. Kanuni haikubadilika: unga lazima uchachuke, na mula lazima uwe mzito.

Leo hatari ni ya namna nyingine. Mkate na chapati za kununua hupatikana kila pembe ya mtaa, gharama ya makaa na gesi inapanda, na msichana anayefika nyumbani jioni kutoka kazini hana siku mbili za kungojea chachu. Familia ambayo bibi wake amefariki bila kumrithisha yeyote mkono wake hubaki ikisimulia ladha ambayo haiwezi kuipika.

Emin Pasha alibadilisha jina, dini na bendera, na mwishowe hakuwa na kaburi la kuzuriwa. Askari waliokataa kumfuata walichagua kubaki na nyumba zao, hata nyumba hizo zilipokuwa za nyasi na za kuhamahama. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Watu hawa, ambao wengi wa babu zao walikuwa watumwa kwelikweli kabla ya kuwa askari, hawakuiacha.

Kwa hiyo msomaji atakayepita Laini Saba au Makina siku ya Idd na kukaribishwa kwenye sinia lililofunikwa kwa tabaga, asiharakishe kuondoka. Aketi, anawe mikono, na amwombe mwenye nyumba amweleze namna chachu inavyotunzwa kutoka mapishi hadi mapishi. Iwapo yupo binti hapo karibu, na asikie pia.